Plagi ya Buluu na Ardhi Kavu ya Maungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba tukiwa na haja na asituache peke yetu na haja zetu. Ndiye aliyeuficha moto ndani ya kuni na radi ndani ya wingu, kisha akampa mwanadamu akili ya kuvitumia kabla hajavielewa vizuri. Namshukuru kwa yale niliyoyafahamu, na kwa yale mengi zaidi ambayo sikuyafahamu lakini yakanifaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na kila aliyeshika njia yao.

Baada ya shukrani hizo, nataka kusimulia juma moja la nyumbani kwetu Maungu, juma ambalo gari la binti yangu lilikataa kuchaji na mke wangu akakaribia kuacha kwenda hospitali.

Figo za mke wangu zilichoka mwaka juzi. Sukari ilikuwa imezitafuna polepole kwa miaka mingi, na siku tulipoambiwa hapakuwa na la kuokoa. Tangu wakati huo huenda hospitali ya Voi kila Jumatatu na Alhamisi, akalala kando ya mashine kwa muda wa saa nne, damu ikatoka, ikasafishwa, ikarudi. Siku hizo mbili ndizo alizokuwa akifunga saumu ya sunna tangu ujana wake, mimi nikila mchana mbele yake bila haya. Alipopewa ratiba ya hospitali alicheka, akasema Mungu hakumbadilishia siku, amembadilishia ibada tu.

Kinachomtesa zaidi si sindano. Ni kiu. Kwa kuwa mwili wake hautoi maji, amepimiwa vikombe vichache vya kunywa kwa siku, na katika joto letu vikombe hivyo huisha kabla ya adhuhuri. Nimejifunza kunywa maji yangu jikoni, nikiwa nimeufunga mlango.

Kitu cha pili kinachomtesa ni harufu. Ugonjwa huu umemfanya asivumilie moshi wa dizeli wala mvuke wa petroli, na sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya Mombasa, mahali ambapo malori husimama kwa mamia madereva wakila na kulala. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukienda kwa magari ya abiria, baadaye kwa gari la kukodi. Hakuna safari aliyofika bila kutapika. Kurudi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa maana mashine humwacha bila nguvu hata ya kushika mfuko. Nilikuwa nikimshikia mimi, nikimfuta mdomo kwa ncha ya leso, tukipita Ndara bila kuzungumza.

Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili na bado anaishi nasi, aliyaona hayo akayanyamazia. Kisha siku moja akaja na gari dogo la rangi ya kijivu, lililotumika Japani kabla ya kuletwa bandarini Mombasa. Aliliingiza uani na sikulisikia. Nilikuwa nimeketi kibarazani na kitabu, nikainua macho, gari liko mbele yangu kama limeota hapo. Akamwita mama yake, akamfungulia mlango, akamwambia anuse. Mke wangu akanusa kiti, akanusa usukani, akazunguka akanusa hata nyuma, mahali ambapo magari mengine yana bomba la moshi. Hili halina. Akasema linanuka kama duka la viatu. Binti yangu akauliza kama harufu ya duka la viatu inamtapisha. Akajibu kwamba hapana, inamtamanisha viatu.

Hapo ndipo nilipoanza masomo yangu ya plagi, nikiwa na umri wa kutafutiwa miwani yangu na wajukuu.

Puani mwa gari kuna kifuniko. Ukikifungua unaona vinywa viwili. Kimoja ni kikubwa, cha mviringo, cha kupokea stima nyingi kwa haraka kutoka mashine za barabarani. Cha pili ni kidogo, kina matundu matano, na hicho ndicho cha kuchajia nyumbani polepole. Gari lilikuja na kebo yake: upande mmoja kichwa cha kuingia katika kinywa kidogo, upande wa pili plagi ya ukutani, na katikati sanduku dogo lenye taa, ukubwa wa msahafu wa mkononi. Sanduku hilo ndilo lenye akili. Hukagua stima ya ukutani kwanza, likiridhika huwasha taa ya kijani, lisiporidhika huwasha nyekundu na halipitishi kitu.

Juma la kwanza tulijaribu kuchajia Voi, mke wangu akiwa kitandani hospitalini. Kuna hoteli kando ya barabara iliyoweka mashine ya kuchajia magari ya umeme. Binti yangu akasimamisha gari, akafungua kifuniko, akachukua kichwa cha chaja akakielekeza puani. Hakikuingia. Akakigeuza. Akajaribu kinywa kikubwa, kikakataa vilevile. Mlinzi wa pale, kijana wa maneno mengi, alikuja akainama akatazama, akatueleza bila kucheka kwamba kichwa chao kina matundu saba kwa sababu ni cha kizungu, cha Ulaya, na gari letu ni la Kijapani, kwa hiyo haya mawili hayajaonana.

Nikamuuliza kama stima ya Ulaya ni tofauti na ya Japani.

“Stima ni moja, mzee,” akasema. “Mlango ndio tofauti. Ni kama wewe na kanisa.”

Nilicheka mpaka nikashika gari. Akatuambia kuna adapta, kipande cha kuunganisha vichwa hivyo viwili, na kwamba inauzwa Nairobi. Binti yangu akaiagiza, akaambiwa itafika, na sisi tukajifunza maana ya neno “itafika”. Tukabaki na kebo yetu ya nyumbani peke yake.

Hata hiyo ilikuwa na fitina zake. Usiku wa kwanza aliichomeka katika soketi ya kawaida, ile ya kupigia pasi, kwa plagi ya pembe tatu. Alfajiri niliamshwa na harufu ya plastiki. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na plagi ilikuwa haishikiki kwa moto. Pasi hupigwa nusu saa, gari hunyonya usiku kucha. Ndipo tulipomwita fundi wa umeme kutoka Voi, mtu wa Mwanda kule milimani, mwenye umri wa kuwa mwanangu wa kwanza, mzee wa kanisa kwao. Huyu hafanyi kazi kabla ya kuzunguka nyumba yote na kuuliza maswali, nani aliyeijenga, nani aliyeivutia stima, bati lilibadilishwa lini. Alituwekea waya mnene kutoka kwenye mita, na mwisho wa waya huo soketi ya buluu, ya mviringo, ya kifuniko, kama zile za mashine za kuchomelea vyuma. Akakata plagi ya zamani akafunga ya buluu. Tangu siku hiyo gari lilichaji bila joto, na miezi ikapita. Mke wangu alikwenda na kurudi Voi bila mfuko wa kutapikia. Alianza hata kuzungumza njiani, akihesabu ndovu waliotoka mbugani na akimsema vibaya kila dereva wa lori aliyetupita kwa kasi.

Sasa nifike kwenye juma lenyewe.

Jumapili alasiri binti yangu alichomeka kama kawaida ili gari liwe tayari kwa safari ya Jumatatu. Taa ikawaka nyekundu. Akachomoa, akafuta plagi kwa kitambaa, akarudisha. Nyekundu. Alijaribu mpaka magharibi, nami nikisimama kando nikimshikia kitambaa, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine niliyoweza kufanya. Betri ilikuwa imebakiwa na kiasi kisichofika Voi.

Jumatatu tulikodi gari la petroli. Sitaeleza safari hiyo. Itoshe kusema kwamba mke wangu aliporudi alilazwa kwenye mkeka wa ukumbini kwa sababu hakuweza kufika kitandani, na huko chini, macho yamefumbwa, akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu ugonjwa uanze.

“Alhamisi msinihesabu. Gari hili likipona nitakwenda. Lisipopona nitajua Mungu ameniambia nipumzike.”

Muuguzi alikuwa ametueleza waziwazi mwanzoni kabisa. Asiruke siku. Akiruka, maji yatajaa mwilini, yatapanda kifuani, na hapo hatutakuwa na muda wa kujadiliana. Mke wangu alikuwapo alipoelezwa hayo. Alijua anachosema.

Mimi nimefundisha Kurani chuoni zaidi ya miaka arobaini. Nikamwambia kwa upole yale niliyowafundisha watoto wa watu, kwamba Mwislamu hasomi hukumu ya Mola wake katika kuruka kwa ndege wala katika mlio wa bundi, na kwa hiyo wala katika taa ya sanduku. Nikamwambia kwamba kutafuta dawa ni katika kumtii Mungu. Nilikuwa na mengine ya kuongeza.

“Hayo wafundishe watoto wako wa chuo, Maalim,” akasema. “Mimi natapika.”

Kuna wakati elimu ya mtu inafika mwisho wake mbele ya mkeka.

Jumanne binti yangu alilichomoa sanduku na kebo yake, akavitia ndani ya mkoba wa vitabu, akapanda gari la abiria hadi Voi, iliko shule yake. Tulikuwa na hakika kwamba sanduku limekufa, na kupata jingine kungetaka majuma. Alipotoka shuleni alikwenda kwenye kibanda cha fundi wetu karibu na soko. Fundi akalichomeka hapo kwake. Taa ikawaka kijani.

Binti yangu alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya furaha. Kama sanduku ni zima, basi gari ndilo lililoharibika, na gari la namna hiyo hakuna gereji ya Voi inayolijua. Lakini fundi alikuwa amemuuliza swali moja ambalo hatukuwa tumejiuliza. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka kabla kichwa hakijaingizwa kwenye gari, au baada? Akakumbuka. Kabla. Ilikuwa ikiwaka mara tu plagi inapoingia ukutani, gari likiwa bado halijaguswa. Fundi akasema basi gari tuliache na amani yake, mgonjwa ni nyumba. Ila Jumatano asubuhi alikuwa na kazi aliyoahidi kwao Mwanda, angeshuka mchana na kufika Maungu alasiri.

Siku hiyo ya Jumatano niliisubiri kama anavyosubiriwa mwezi wa Idi. Mke wangu hakuuliza chochote. Nguo zake za hospitali, ambazo kwa kawaida huzitayarisha mwenyewe tangu Jumatano asubuhi na kuziweka juu ya kiti, hazikuwa juu ya kiti. Miguu yake ilikuwa imeanza kujaa, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nilisali adhuhuri nikaomba kwa maneno yangu mwenyewe, bila mpangilio, jambo nisilowaruhusu wanafunzi wangu.

Fundi alifika baada ya alasiri kwa pikipiki, vumbi la njiani limempaka hadi kwenye nyusi. Aliniamkia shikamoo, akamsalimu mama kupitia dirishani, akakataa chai kwanza. Akazunguka nyumba. Kisha akatoa balbu yake ya majaribio, yenye nyaya mbili fupi, akafungua soketi ya buluu. Akagusisha waya wa moto na waya wa kurudishia, balbu ikang'aa. Akagusisha waya wa moto na waya wa tatu, ule wa kijani unaoshuka ardhini. Balbu ikawa nyekundu tu ndani, kama kaa linalokufa.

Akatueleza. Taa za nyumba na friji hazijali waya wa tatu, hata ukikatika hazina habari. Waya huo ni njia ya usalama, stima ikipotea ishuke ardhini badala ya kumpitia mtu. Lakini sanduku la gari ni lenye wasiwasi, halipitishi kitu mpaka lihakikishe njia hiyo ipo. Na yetu ilikuwa imeziba mahali.

Tukaufuata ule waya wa kijani ukutani, ukatuongoza hadi nyuma ya nyumba, ukashuka kwenye chuma kilichochomekwa ardhini karibu na jiwe moja pana. Fundi akakishika kile chuma kwa vidole viwili. Kikacheza kama jino la mtoto. Udongo pembeni yake ulikuwa umepasuka, ukiachana na chuma pande zote, mkavu kama unga. Kwetu mvua ilikuwa haijaonekana msimu mzima.

Akapiga magoti, akachimba kwa bisibisi, akachukua udongo wa chini akausugua viganjani.

“Hapa palikuwa na maji,” akasema. “Miaka mingi. Nani alikuwa akiyamwaga?”

Nikaona haya kidogo, kisha nikamjibu kwamba ni mimi.

Jiwe lile ndilo nililotawadhia tangu tulipojenga. Mara tano kwa siku, kwa birika, miguu juu ya jiwe, na maji yakiteremka hadi mguuni mwa ukuta. Fundi wa kwanza aliyetuvutia stima, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameliona hilo akachomeka chuma chake papo hapo, kwa kuwa ardhi ya Maungu hukauka lakini pale hapakauki. Hakuniambia. Labda hakuona sababu. Mzee mmoja mwenye kusali angetosha kukiweka chuma katika unyevu maisha yake yote.

Kisha mwaka huu magoti yangu yakaanza kunisaliti. Nikateleza mara moja pale jiweni, na binti yangu, bila kungoja mara ya pili, akanijengea bomba ndani ya nyumba, lenye kiti cha saruji na mahali pa kuegemea. Maji yake akayaelekeza kwa mrija kwenye mche wa ndimu upande wa mbele, yasipotee. Ndimu imestawi. Nyuma, chuma kikafa kiu.

Binti yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka mkono mdomoni. “Baba, ni mimi,” akasema. “Ni mimi niliyemzuilia Mama.” Nikamwambia hapana, aliyemwepusha baba yake na kuvunjika nyonga hakumzuilia mtu yeyote kitu. Nililisema hilo kwa sauti, kwa sababu dirisha la chumba cha mke wangu linatazama huko, na nilijua yuko macho.

Fundi alikuwa tayari ameinuka. Akasema dawa ya kudumu ni vyuma viwili virefu vya shaba, vizamishwe ndani kabisa, naye angevileta Jumamosi. Dawa ya leo ni mkaa, chumvi na maji. Maji mengi.

Nikauliza, mengi kiasi gani. Nikajitolea kwenda kutawadha hapo hapo jiweni, kwa kuwa magharibi haikuwa mbali.

“Maalim, birika moja halitasaidia,” akasema. “Hiki chuma hakitaki udhu. Hiki kinataka ubatizo wa kuzamishwa.”

“Basi leo nimekuruhusu,” nikamjibu. “Lakini kikishabatizwa usije ukakidai sadaka.”

Tulicheka, kisha nikaenda kutazama maji, na kicheko kikaniishia. Mabomba ya Maungu hayakuwa yametoa tone tangu juma lililotangulia. Tangi lilikuwa tupu. Tulikuwa na mitungi minne tuliyoletewa kwa mkokoteni, ya kupikia, kuogea na kumfulia mgonjwa mashuka. Fundi alitaka miwili, pengine mitatu, ya kumwaga chini penye udongo mtupu, pasipo na mti wala mche. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba maji hayafujwi, hata kama umesimama kando ya mto. Nimewahi kumrudisha mtoto bombani akafunge vizuri, akarudi akilia. Na sasa nilisimama jikoni nikiwa nimeshika mpini wa mtungi na nimeshindwa kuuinua. Nakiri hilo. Nilikuwa nikiuona uso wa mke wangu upande mmoja na mazoea yangu upande mwingine, na kwa pumzi chache sikujua nifanye lipi.

Nikasikia mkongojo. Mke wangu alikuwa ametoka chumbani mwenyewe, amejifunga leso juu ya gauni la kulalia, ameegemea mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote.

“Mimi nimekatazwa kunywa, Maalim,” akasema. “Mpe ardhi inywe.”

Nikainua mtungi.

Binti yangu alitwanga mkaa kwenye kinu cha zamani. Fundi alitoboa mashimo kukizunguka chuma kwa mtaimbo, akayajaza mkaa na chumvi ya mawe, nami nikamimina polepole, kikombe baada ya kikombe, alivyoniagiza, ili maji yasikimbie juu. Mke wangu aliletewa kiti akaketi kivulini mwa ukuta akitazama. Udongo ulitoa mlio mdogo wa kunyonya. Ninajua alikuwa akiusikia mlio ule kuliko sisi sote. Mara moja alilamba midomo, kisha akatutania kwamba tumwagilie vizuri, labda itaota soketi nyingine.

Mtungi wa kwanza ukaisha. Binti yangu akakimbia mbele, akachomeka plagi, akarudi akitikisa kichwa. Bado nyekundu. Fundi akakisukuma chuma chini kwa uzito wake wote, akakanyaga udongo pande zote kwa kisigino, akanionyesha niendelee. Mtungi wa pili nilimimina nikisoma moyoni. Ulipofika nusu, akajaribu balbu yake tena, na balbu ikawaka nyeupe, tukaiona hata katika mwanga wa jua.

Safari hii tulikwenda mbele sote, mke wangu kwa mkongojo wake akiwa wa mwisho, na tukamngojea. Binti yangu akachomeka. Taa ikawa kijani. Akakichukua kichwa cha matundu matano akakiingiza puani mwa gari, kikalia “tak”, na vitaa vitatu vya buluu kwenye dashibodi vikaanza kumetameta kimoja kimoja. Niliketi chini, juu ya kizingiti. Alhamdulillahi, nikasema, na fundi akasema Mungu ni mwema, na tulikuwa tunasema jambo moja.

Sasa akaikubali chai. Alikunywa vikombe viwili na mahamri, akakataa kulala kwetu, akaondoka kabla ya magharibi. Alipokuwa akiwasha pikipiki nilimwomba radhi kwa kumsumbua siku aliyotoka mlimani. Akasema mama yake naye yuko kwenye vidonge vya presha, anaelewa. Jumamosi alirudi kweli na vyuma vyake viwili.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka nikakuta gari limejaa. Nilirudi ndani kumwambia mke wangu, nikiwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza iwapo atasita. Sikuyatumia. Nguo zilikuwa juu ya kiti na yeye alikuwa akitafuta kiatu cha pili.

Njiani hakuzungumza sana, kifua kilikuwa kizito, lakini hakutapika. Tulipita malori yaliyopanga mstari, tukapita reli, jua likituchomozea mgongoni. Muuguzi alimpima uzito, akatazama miguu, akasema tumefika kwa wakati wake na ingekuwa vibaya kungoja. Wakamuunganisha. Nilikaa kwenye benchi la nje na tasbihi yangu kwa muda wote wa saa nne, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sikuwa na cha kuomba, nikawa nashukuru tu, nikirudia. Niliona kwamba kushukuru hakuchoshi kama kuomba. Nilisinzia.

Kurudi alilala tangu Voi hadi nyumbani, mdomo wazi kidogo, kichwa kwenye bega langu, na binti yangu akaendesha taratibu asimwamshe. Uani aliamka mwenyewe. Alikataa mkono wangu, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama akiwa ameshika mlango wa gari akijipanga pumzi. Miguu ilikuwa imepungua. Akamtazama binti yake.

“Jumatatu uniamshe mapema,” akasema. “Nijifunge leso vizuri. Wiki hii nilikwenda kama mkimbizi.”

Binti yangu akaitikia kwamba atamwamsha. Mimi nikapita nyuma yao, nikaingia ndani, nikasali rakaa mbili za shukrani nikiwa nimeketi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na kama umeuguliwa, akupe subira ya kuuguza na akuletee watu wema kutoka mlima wowote na dini yoyote. Asikukatie njia unapoihitaji. Na siku utakapochoka kabisa, akupe mtu wa kukungojea mpaka ufike. Amin.